Kuvutwa Hadi Sengerema

Kola zilikuwa zinachanika. Ndivyo nilivyoingia kwenye judo, si kwa kutafuta amani ya moyo wala kwa kuogopa vibaka. Mwalimu mmoja wa mchezo huo alinipa kazi ya kushona makoti ya wanafunzi wake, makoti ya kitambaa kizito cha marekani, na baada ya muda mfupi akayarudisha yamechanika yote mahali pamoja, chini ya kola. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniambia mshono wangu umeachia ni sawa na kunitukania mama yangu. Nikamwambia anipeleke nikaone wanayafanyia nini.

Walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye ghala moja Nyakato, Mwanza, jirani na kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, kwa hiyo judo yangu mpaka leo inanukia mashudu. Sakafuni walitandika magodoro ya sponji yaliyovikwa turubai. Wanashikana kola na mkono wa koti, wanazungukana kidogo, halafu mmoja anapaa na kutua chali. Nikaona mara moja tatizo la mshono wangu. Kila mtu alikuwa anavuta kama anang'oa muhogo.

"Anayejua hachani nguo," mwalimu akaniambia. "Hawa bado wanavuta kwa hasira."

"Basi tafuta wanaojua," nikamjibu, "au niache nishone kwa uzi wa nyavu."

Nikashona kwa uzi wa nyavu, ule wa kuvulia sangara. Makoti hayakuchanika tena, na mimi nikabaki. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mke wa mtu, mama wa binti mmoja, na sikumbuki kama kuna siku niliamua. Nilikwenda kukagua kola, wakanipa koti nijaribu, basi.

Miezi ya mwanzo hufundishwi kumwangusha mtu. Unafundishwa kuanguka. Kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kuanguka mbele, unapiga turubai kwa kiganja ili ardhi isikuumize. Mume wangu alikuwa anacheka mpaka machozi. "Unalipa ada ya kuanguka? Njoo hapa nikusukume bure." Na kweli alikuwa ananisukuma, pale pale sebuleni, mimi naanguka vizuri juu ya mkeka, binti yetu anapiga makofi na kudai zamu yake. Kicheko kile nakitamani mpaka leo. Nasema wazi, kwa sababu watu wakisikia talaka hudhani hakukuwa na siku ya kucheka.

Kilichotuharibia hakikuwa judo. Alikuwa dereva wa lori, kazi ikaisha, mji ukamshinda, akasema anarudi kwao Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kulima mpunga. Mimi nilikuwa na wateja, nikasema atangulie. Akatangulia, na huko akapata wa kumpikia. Habari hizo zilivuka maji kabla yake. Nilipomuuliza hakukataa, na sitarudia hapa maneno niliyomwambia. Likizo ndefu ya shule ilipofika akaja kumchukua binti yetu, akamsalimie bibi yake. Alikuwa na miaka tisa. Shule zikafunguliwa, mtoto hakurudi. Akanipigia simu.

"Mtoto anasoma huku sasa. Usije na fujo zako."

Nilikuwa nimemshonea sare mpya yenye upindo mpana ili kila muhula nimwachilie urefu kidogo. Ilibaki imening'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja waliniuliza kama inauzwa. Jumapili nilikuwa nateremka Kamanga, nakaa juu ya mawe karibu na kivuko, naangalia ng'ambo. Unaiona ardhi, unaona vilima, na siku ya jua kali unaona hata bati linang'aa, huwezi kujua ni la nani. Nilikuwa na hamu ya vitu vidogo. Kumsuka. Kumkemea kwa kuacha ndala mlangoni. Mikono yangu ilikosa kazi hata nikiwa nashona tangu asubuhi.

Mwalimu wangu wa judo alikuwa na dawa ya kila kitu, na dawa yenyewe ilitoka Mashariki ya Mbali. Alikuwa anauza vipuri vya pikipiki mchana, jioni anatufundisha, na katikati anasoma. Alituhubiria maji, namna yanavyoushinda mwamba kwa ulaini wao. Alituhubiria mwanzi unaoinama upepo ukipita. Mkewe alikuwa amemfukuza nyumbani mara mbili, lakini hilo halikumpunguzia ufasaha.

"Kwetu Magu hakuna mianzi," nilimwambia. "Kuna minyaa. Mnyaa hauinami. Ukiukata unakurushia maziwa ya kukupofusha."

"Ndiyo maana una kesi, dada," akasema. "Sikiliza. Akikusukuma, vuta. Akikuvuta, sukuma. Mkishindana nguvu, mwenye nguvu atashinda, na huyo mwanamume ana ukoo mzima nyuma yake. Usibishane. Akisema neno, likubali. Mwache aegemee, ataanguka mwenyewe."

Nikaona ni maneno mazito. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda sana kuambiwa kwamba kutofanya kitu ndiyo mbinu kubwa kuliko zote.

Sheria inawataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Sisi tulikwenda kwenye baraza la kanisa lililotufungisha ndoa. Wazee walikaa upande mmoja wa meza, mume wangu na dada yake upande wa pili, mimi kwenye benchi. Nikawasalimia wote, nikakaa, nikalegeza mabega kama nilivyofundishwa. Mwenyekiti akafungua kikao.

"Mama, mwenzio anasema unavaa suruali na kukamatana na wanaume sakafuni. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Anasema huko mnakochezea kuna picha ya mzee wa Kijapani ukutani, na mnaiinamia mkiingia na mkitoka. Ni kweli?"

Hapo mnyaa ulitaka kutema. Ile ni picha ya mwanzilishi wa mchezo, na kuinama ni salamu tu, kama mimi Msukuma ninavyopiga goti kwa mkubwa. Sebuleni kwa mzee yule yule kulikuwa na picha ya marehemu baba yake yenye maua ya plastiki, niliwahi kuiona kwa macho yangu. Nikameza.

"Ni kweli, mzee. Tunainama."

"Na mtoto ulikuwa unamwacha kwa jirani uende huko?"

"Ndiyo."

"Na mumeo alipokuita Sengerema ulikataa?"

"Ndiyo, mzee."

Mume wangu alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuja na panga kukata mti mgumu akakuta boga. Alianza kubabaika, akarudia maneno, dada yake akamfinya. Katibu alikuwa anaandika tu. Nilitoka pale nimejaa furaha, nikajiona nimemwangusha mtu bila kumgusa.

Dada mmoja wa msaada wa kisheria ndiye aliyekubali kunisaidia mahakamani. Aliisoma taarifa ya baraza, akairudia, akanitazama.

"Mama, hapa umekiri kila kitu."

"Sikukiri. Nilikuwa nakubali tu, ili aanguke."

Akaweka kalamu chini. "Aanguke wapi?"

Nikajaribu kumweleza habari za maji na mwamba. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akanieleza kwamba mahakamani maji yakinyamaza huandikwa kuwa yamekiri. Jioni nilikwenda ghalani nikamwambia mwalimu. Alisimama katikati ya turubai, akaukaza mkanda wake mweusi.

"Kumbe wanaandika," akasema.

"Wanaandika, mwalimu."

Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba zoezi la siku hiyo nilimrusha vibaya, na kola ya uzi wa nyavu ikachanika kwa mara ya kwanza.

Mahakamani nilijitetea kwa mdomo wangu wote, lakini nilianza nikiwa chini. Kila nililolieleza, upande wa pili waliuliza kwa nini sikulisema barazani. Afisa ustawi wa jamii alikwenda Sengerema, akakuta mtoto anasoma, ana bibi, ana binamu wa kucheza nao, na akaandika alichokiona. Hakimu alizungumza na binti yangu peke yake ofisini. Baadaye nilikuja kujua alichosema. Alisema anataka baba ahamie kwa mama, na bibi aje, na yule ndama wa bibi aje pia. Hakuna hukumu inayoweza kuandika hivyo. Talaka ikatolewa. Mtoto akae na baba yake alikokwisha kuzoea, na mama awe huru kumwona mwisho wa wiki na likizo.

Hukumu ni rahisi kuisikia ikiwa ya mtu mwingine. Nilitoka nje ya chumba nikamkuta mwanangu ukumbini na kumshika mkono kabla sijajua nafanya nini. Shangazi yake alikuwa ameshika mkono wa pili.

"Mwachie, wifi. Umesikia hakimu."

Akavuta. Nikavuta. Mtoto akalia, "Mnaniumiza," na hapo mwili wangu ukafanya kitu ambacho kichwa hakikukituma. Sikumwachia, ila niliacha kuvuta. Nilikwenda. Wifi alivuta kwa nguvu zake zote, mimi na mtoto tukaja pamoja mzima mzima, tukamgonga kifuani, akaegemea ukuta, na tukabaki watatu tumebanana pale kama watu wanaokumbatiana msibani. Nilisikia moyo wa wifi unapiga. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

"Unataka nini sasa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Sitaki kitu. Nakuja naye."

Nilisema hivyo bila kupanga, lakini nilipofika nyumbani nikaona sina jibu lingine. Dada wa msaada wa kisheria alisema tunaweza kukata rufaa. Kaka yangu wa Magu alikuwa na rufaa ya namna nyingine. Alikuwa amekwisha kuanza kukusanya ng'ombe.

"Tunawarudishia mahari yao," aliniambia. "Ng'ombe wakirudi, mtoto ni wetu."

"Mahakama haihesabu hivyo, kaka."

"Mahakama imezaliwa juzi. Ng'ombe ni wa zamani."

Nikamwomba awaache ng'ombe wale majani. Nilifikiria rufaa, miezi mingine ya kuwekwa benchi, mwanangu kuitwa tena ofisini na kuulizwa anampenda nani. Kisha nikafungua cherehani, nikatenganisha kichwa na miguu, nihamie Sengerema.

Watu walinishangaa kwamba napita kwenye kivuko wakati daraja jipya lipo. Kwenye daraja gari linakwenda kasi, na mimi nilitaka kuondoka polepole. Mwalimu alinibebea kichwa cha cherehani mpaka Kamanga. Nilingoja anipe neno la kale kuhusu mto na bahari, hakulitoa. Alisema, "Nani atanishonea kola?" na akageuka haraka akatazama samaki waliokuwa wanapakuliwa. Mwanza ikarudi nyuma na mawe yake na nyumba zake juu ya mawe. Nilizaliwa Magu, lakini nililia kama Mwanza ndiyo iliyonizaa.

Nilipanga kibanda kando ya barabara inayotoka shuleni kwa binti yangu. Siku ya tatu mume wangu, yaani aliyekuwa mume wangu, akafika na pikipiki.

"Umekuja kunipiga vita?"

"Nimekuja kushona."

"Amri inasema mwisho wa wiki."

"Barabara ni ya serikali, baba. Mtoto akipita nifumbe macho?"

Alitaka kucheka. Nilimwona. Alibana midomo, akawasha pikipiki, akaondoka. Mama yake ndiye aliyekuwa mgumu. Alipita kila siku ya gulio na kapu lake akitazama mbele. Kila akipita nilikuwa naacha cherehani, natoka, napiga goti barabarani: "Shikamoo, mama." Na kwetu shikamoo hairudishwi. Unaweza kumnyima mtu maji, huwezi kumnyima marahaba. Alikuwa anaitoa kwa meno yamefungwa. Nakiri nilifurahia kidogo. Baada ya muda ilitoka kwa mdomo wazi, kisha ikaja na swali la bei ya kushona gauni.

Binti yangu mwanzoni alipita ameinamisha kichwa kama alivyoagizwa. Akaanza kunipungia mkono chini chini, usawa wa paja, wenzake wasione. Akaanza kusimama. Akaanza kukaa. Kufikia mavuno ya mpunga alikuwa anatoka shule moja kwa moja kwangu, anakula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga, anafanya hesabu zake kwenye meza ya kukatia nguo, mimi namsuka. Alikuwa amerefuka bila mimi, na hilo liliniuma kila nilipopitisha kitana. Jua likiinama baba yake anakuja kumchukua. Nilikuwa naijua pikipiki yake toka mbali, ilikuwa inakohoa kwenye mteremko.

Jioni moja alikuta mtoto amelala juu ya vipande vya vitambaa, mdomo wazi. Alisimama mlangoni na funguo mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mwache alale," akasema. "Nitamchukua kesho."

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Nilimpikia mwanangu uji, nikamwogesha, nikamlaza kitandani kwangu, nikamkumbatia mpaka akalalamika joto. Sikuuliza kitu, niliogopa nikiuliza mtu atakumbuka. Siku ya gulio mama mkwe akasimama mwenyewe bila kungoja goti.

"Yule mwenzio wa nyumbani kajifungua, mtoto wa kiume," akasema. "Nyumba imejaa. Huyu akae kwako kwanza."

Basi. Kile nilichonyimwa na baraza na mahakama nilipewa pale barabarani na mwanamke mwenye kapu la nyanya. Nilimpigia simu mwalimu. Akapiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. "Umeona! Umeona, dada! Hukuvuta!" Alikuwa na furaha kama vile ameshinda yeye, na labda alihitaji kushinda mahali fulani. Nikamshukuru, nikakata.

Sikumwambia habari za jioni. Jua likianza kushuka, binti yangu alikuwa anatoa kigoda, anakikalisha mlangoni, anaitazama barabara. Kila pikipiki ikikohoa kwenye mteremko anainua kichwa. Na mimi nyuma yake kwenye cherehani nilikuwa nainua kichwa. Tulikuwa tunakiinua pamoja na kukishusha pamoja, hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilikuwa nasema moyoni kwamba namngojea kwa ajili ya mtoto. Ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote.

"Mama," akaniuliza siku moja, "baba alisema kesho. Ile kesho ilishapita?"

Nilitafuta kwenye kila nilichofundishwa. Hapakuwa na mtu wa kuangusha. Hamu ya mtoto haina kola ya kushika. Ningeweza kunyamaza tu, na muda ungenifanyia kazi: angemzoea mama, angemsahau kidogo baba, na yule bwana angezoea kutokuja. Nilikuwa nimebakiza kukaa kimya niwe nimeshinda kabisa.

Jumamosi nikamvalisha gauni, nikafunga kibanda, tukaenda kwa miguu. Njiani alitangulia, halafu tulipokaribia akapunguza mwendo, halafu akawa nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele. Akatuona, ungo ukasimama.

"Umemleta, au umekuja kuchukua nguo zake?"

"Amekuja kumwona mdogo wake, mama."

Baba yake akatoka ndani na kichanga kwenye kitenge. Alimwona binti yake, akaona aibu, na aibu ile ilikuwa usoni wazi kabisa, hakujaribu kuificha. Akachuchumaa ili kichanga kionekane.

"Njoo umshike," akamwambia. "Njoo, mama. Anafanana na wewe."

Hakusogea. Alikuwa amenishika gauni kwa nyuma, kwa mikono miwili, na alishika kwa nguvu zake zote. Mkono ule ndio niliokuwa nimevuka maji kuufuata. Nilikuwa nimeuombea, nimeushtakia, nimeuhamia. Nikapeleka mkono nyuma, nikavifungua vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

"Nenda," nikamwambia.

Akaenda. Alivuka ua taratibu, halafu haraka, na mimi nilikuwa na hamu naye hata kabla hajafika.